Simba Walivyokipitisha Kifungu cha Nne

Mheshimiwa Felisiani alilizunguka gari mara mbili, akachungulia upande wa usukani, kisha akauliza, "Dereva yuko wapi?"

"Ndiyo mimi, Mheshimiwa," Ndeshi akamjibu. "Karibuni mpande. Baridi hii si ya kusimama nje."

Ilikuwa Juni mwaka 2003, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mji wa Karatu ulikuwa umelala ndani ya ukungu. Ndeshi alikuwa na miaka thelathini na moja. Alitoka Machame akiwa msichana, akaja kupika kwenye kambi za watalii, na udereva akaupata kwa kubembeleza: kila gari lilipokwenda Endamarariek kufuata mboga, alimwomba dereva amwachie usukani walau nusu ya njia. Mwaka wa tatu sasa alikuwa na leseni ya kuongoza watalii, lakini tajiri wake, Brian, alimpa wale wageni wasiojali nani anawaendesha. Hawa wa leo aliwapata kwa sababu moja tu: jino lilikuwa limemvimbisha shavu Lembris, dereva mkuu wa kampuni, akawa hawezi hata kufumba mdomo.

"Hawa ni watu wa Serikali," Brian alimwambia wakati anampa ufunguo. "Wakilalamika, tumekwisha."

Na walikuwa watu waliokwishaanza kulalamika, ingawa si kwa sababu ya Ndeshi. Kwa siku nne kamati ndogo ya Bunge ilikuwa imejifungia kwenye ukumbi wa hoteli moja pale mjini, pamoja na wageni kutoka Komoro na Shelisheli, ikichambua muswada. Muswada wenyewe ulikuwa wa heri: Tanzania ikaribiane zaidi na mataifa ya visiwa yaliyo jirani yake, wakutane, wafanye biashara, wanafunzi na wagonjwa wapite bila kuhangaishwa. Vifungu vitatu vya kwanza vilipita kwa makofi. Cha nne kikawakaa kooni kama mwiba wa samaki. Rasimu ilisema Serikali "inaweza" kuweka mwakilishi wa kudumu katika kila taifa la kisiwa. Bi Echata, mwanasheria kutoka wizara ya mambo ya nje kule Moroni, Komoro, alitaka iandikwe "lazima". Mheshimiwa Felisiani, mwenyekiti, mtu wa nyanda za juu za Karatu aliyekulia katika mashamba ya ngano, alisema hilo neno halitaingia maadamu yeye ndiye anayekalia kiti.

Siku mbili nzima wakabishania neno moja. Siku ya tano mtu mmoja mwenye akili akapendekeza wapumzike, waende Kreta, lile bonde la volkano lililojaa wanyama. Magari yakawa manne. Na kwa bahati mbaya, au pengine kwa ujanja wa huyo huyo mwenye akili, Mheshimiwa na Bi Echata wakajikuta ndani ya gari moja, pamoja na Dennis, karani wa kamati, aliyelipakata faili la muswada kama mtoto mchanga.

Mheshimiwa alikaa mbele. Bi Echata, mama wa makamo mwenye uso wa kucheka, alikaa nyuma kabisa, amejifunga shuka nyekundu ya Kimasai juu ya shiromani yake, lile vazi refu la kitambaa cha maua wanalojitanda wanawake wa Komoro.

"Mdogo wangu," alimwita Ndeshi kwa Kiswahili laini alichokipata utotoni Unguja, "baridi hii mnaila na nini?"

"Na chai, mama. Chupa iko chini ya kiti chako."

Bi Echata akacheka. Mheshimiwa akatazama dirishani.

Waliteremka Kreta kwa njia ya Seneto. Chini ukungu ukafunguka, jua likatoka, na mbele yao pakawa na nyumbu na pundamilia wasio na hesabu. Hata Mheshimiwa akasahau kununa. Alipowaona faru wawili kwa mbali alimgonga Ndeshi begani kama mtu aliyepata habari njema: "Simama, dada! Simama!" Kisha akakumbuka cheo chake, akakohoa.

Saa saba walikula Ngoitokitok, kwenye bwawa la viboko. Ndeshi aliwaonya wote wale wakiwa ndani ya gari, kwa sababu mwewe wa pale ni wezi waliohitimu. Mheshimiwa hakusikia. Alikuwa amesimama kando ya mlango, ameshika paja la kuku, akimweleza Dennis kwa sauti ambayo Bi Echata angeisikia: "Sheria si jambo la kulazimishana. Sheria ni—"

Mwewe akalichukua lile paja bila kumgusa hata ukucha. Mheshimiwa akabaki na vidole vitupu hewani.

Bi Echata alijifunika uso kwa shuka, mabega yakimtikisika. Ndeshi aliinama kama anayetafuta kitu kwenye kanyagio. Mheshimiwa akaingia garini, akafunga mlango, akanywa chupa mbili za maji moja baada ya nyingine.

Baada ya hapo ndipo mambo yalipotokea.

Walikuwa wakirudi upande wa msitu wa Lerai, magari mengine yakiwa yametangulia mbali, Ndeshi alipoona simba jike na watoto watatu wakija barabarani. Akazima gari ili wageni watazame. Jua lilikuwa kali, na kwenye uwanda ule hapakuwa na mti hata mmoja. Simba jike akaja polepole, akalinusa gurudumu, akajitupa kwenye kivuli cha gari kama mtu aliyefika kwake. Watoto wakamfuata. Wawili walilala ubavuni mwake. Wa tatu akatambaa mpaka chini ya gari kabisa, katikati ya magurudumu, akatulia.

"Jamani, uzuri ulioje!" Bi Echata akanong'ona.

Dakika ishirini zikapita. Uzuri ukaanza kupungua.

"Twende basi," alisema Mheshimiwa.

"Hatuwezi, Mheshimiwa. Kuna mtoto chini. Nikisogeza gari hata hatua moja ninaweza kumkanyaga."

"Piga honi."

"Hairuhusiwi. Na mama yake yuko hapo mlangoni kwako."

Mheshimiwa alitazama chini. Simba jike alifungua jicho moja, akamtazama naye. Mheshimiwa akapandisha kioo mpaka mwisho.

Ndeshi alijua kwamba kila neno atakalosema sasa litafika kwa Brian. Aliita kwa redio. Askari wa hifadhi aitwaye Olais akajibu kwamba yuko upande wa pili na faru aliyejeruhiwa. "Subirini," alisema. "Wakishiba kivuli wataondoka wenyewe. Usiwashe gari, dada."

"Nimekusikia."

Saa moja ikapita. Ya pili ikaanza. Ndani ya gari joto likawa la tanuri. Ndeshi alimwona Mheshimiwa akikunja mguu wa kushoto juu ya wa kulia, kisha wa kulia juu ya wa kushoto, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Akakumbuka zile chupa mbili za maji. Lakini mwanamke wa Kichagga atamwambiaje mheshimiwa mbunge, tena mbele ya mgeni wa nchi?

Bi Echata ndiye aliyesema. "Bwana mwenyekiti," aliita kwa upole, "mimi nina kaka watano na watoto wa kiume wanne. Hakuna nisilolijua. Njoo huku nyuma."

"Sielewi unasema nini, mama."

"Unaelewa sana."

Akaivua shiromani yake, akamwomba Dennis ashike pembe moja na Ndeshi ashike nyingine, wakaitandaza kutoka dirisha hadi dirisha ikawa pazia. Akapitisha chupa tupu chini yake, naye akahamia kiti cha mbele, akageuza uso, akaanza kuimba kwa sauti wimbo wa harusi wa kwao, beti baada ya beti, mpaka Mheshimiwa alipokohoa kutangaza kwamba shughuli imekwisha.

Alipotokea nyuma ya pazia la maua, hakuwa yule mtu wa asubuhi. Alijaribu kuuweka uso wa kazi, ukakataa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiti, na Dennis, ambaye kwa siku nne hakuwa ameonyesha meno, akacheka mpaka faili likamponyoka. Chini yao mtoto wa simba akapiga chafya.

"Bi Echata," Mheshimiwa alisema akijifuta machozi, "hebu niambie kweli. Kwa nini unaling'ang'ania hili neno? Sisi na ninyi ni ndugu. 'Inaweza' ina ubaya gani?"

"Nitakuambia." Akajitanda shiromani yake upya. "Mwaka tisini na saba bwana mmoja wa kwetu, Mmadi, alikuja Arusha kwa kozi ya miezi mitatu. Pasi yake ikaibwa. Mwakilishi wetu hapa hakuna, wa kwenu kule hakuna. Akaenda ofisi hii, akaambiwa, ofisi fulani inaweza kukusaidia. Akaenda hiyo, akaambiwa, ile nyingine inaweza. Miezi mitano, bwana mwenyekiti. Kila mtu alikuwa mwema, chai alinyweshwa, na kila mtu alisema 'inaweza'."

"Pole yake."

"Kwetu kuna harusi kubwa, ambayo wanandoa huifanya wakiwa tayari na watoto, na mtu huijengea akiba miaka ishirini. Siku ikishatangazwa hairudi nyuma. Ng'ombe wakachinjwa, ngoma zikapigwa siku tisa, mji mzima ukala ukashiba. Bwana harusi hayupo. Yuko Arusha anakunywa chai ofisini."

"Mungu wangu!" Ndeshi akajikuta amesema. "Na bibi harusi?"

"Bibi harusi alikaa kitini amepambwa dhahabu kutwa nzima, akiambiwa na shangazi zake atabasamu." Akajigusa kifua. "Mpaka leo mashavu yananiuma."

Mheshimiwa hakucheka mara hii. Alikaa akitazama uwanda. "Mimi si kwamba sitaki," alisema hatimaye. "Nikiandika 'lazima', Hazina watasema hakuna fungu, na muswada mzima utarudishwa uoze kabatini. Nimeona miswada mingi ikifa kwa neno moja. Huu nataka uishi."

"Mbona hukusema hivyo ukumbini?"

"Ukumbini mlikuwa mnanipigia meza."

Mheshimiwa akatazama saa yake, akamgeukia Ndeshi. "Dada, na hapa tutachelewa geti. Wanatufunga?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ukichelewa hufungwi. Wanajua gari huharibika, mvua hunyesha. Ila lazima ushuke, usimame pale dirishani mbele ya watu, uandike kwa mkono wako mwenyewe kwa nini umechelewa. Na hakuna dereva anayependa kuandika katika kitabu kile. Ndiyo maana tunawahi."

Alisema hayo kama mtu anayejibu swali la njia, akarudi kuchungulia kioo cha pembeni aone kama simba amejigeuza. Alipogeuka, Mheshimiwa na Bi Echata walikuwa wanatazamana.

"Asifungwe," Mheshimiwa alisema taratibu.

"Lakini aandike sababu," Bi Echata akadakia.

"Kwa mkono wake. Mbele ya Bunge. Dennis! Kalamu iko wapi?"

Wakaandika hapo hapo, faili likiwa juu ya jokofu la vinywaji. Serikali itaweka mwakilishi katika kila taifa katika muda wa miaka miwili. Ikishindwa, haitashitakiwa, ila Waziri mwenyewe atasimama bungeni na kueleza sababu, na ataeleza tena kila mwaka mpaka mwakilishi awepo. Walibishana bado, kuhusu miaka miwili au mitatu, kuhusu "ataeleza" au "atawasilisha", lakini sasa walibishana kama watu wanaopanga shughuli ya ukoo. Bi Echata alimgonga Mheshimiwa mkono kwa utani. Mheshimiwa alimwita dada.

Saa kumi na moja kasoro robo, ngiri mmoja akakatiza kwa mbali, mkia juu. Simba jike akainuka, akajinyoosha, akaita. Watoto wawili wakamfuata. Wote ndani ya gari wakashika pumzi wakimsubiri wa tatu, mpaka alipojitokeza chini ya bampa, amepakaa oili kichwani, akakimbia kuwafuata wenzake. Garini wakapiga makofi kama wako ukumbini.

Kwenye geti la Lodoare walifika wamechelewa nusu saa. Ndeshi alishuka, akaandika: *Mtoto wa simba chini ya gari, kwa muda wa saa tatu.* Askari akasoma, akamtazama kwa mashaka. Ndipo Mheshimiwa aliposhuka bila kuombwa, akachukua kalamu, akaongeza chini yake: *Ni kweli. Dereva alifanya sawasawa.* Akatia sahihi na cheo chake chote, mistari mitatu.

Brian alisoma nakala ya maneno hayo kesho yake. Alimwambia tu kwamba gari lile sasa ni lake, Lembris atapewa jingine jino likipona.

Muswada ulisomwa Dodoma mwaka uliofuata. Ndeshi aliusikia redioni akiwa karakana, amelala chini ya gari anakaza boliti. Mtangazaji alisema kifungu cha nne kimeungwa mkono na pande zote. "Pande zote!" akapiga kelele, na fundi akadhani ameumia.

Na mwakilishi aliwekwa kweli, mwezi mmoja kabla muda haujaisha. Barua ikamfikia Ndeshi kwa anwani ya kampuni, ikiwa na stempu ya samaki. Ndani mlikuwa na picha moja. Mheshimiwa Felisiani, mtoto wa mashamba ya ngano, amesimama baharini kule Moroni, suruali ya suti imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi, uso umejaa hofu na furaha. Pembeni, Bi Echata na bwana mwembamba mwenye kofia, ambaye bila shaka ndiye Mmadi, wamemshika kila mmoja mkono asije akaanguka.

Lembris aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Huyu mzee," alisema, "mbona kama ameona simba?"

"Wimbi," Ndeshi akamjibu, akacheka mpaka akakaa chini.