Mkeka wa Mama Dieudonne

Mimi Nathanael ni mtu wa hasira, sifichi, na mwaka ule wa 1996 Katumba nzima, makazi yetu karibu na Mpanda, ilinisikia.

Mke wangu Épiphanie alikuwa na ugonjwa wa viungo. Miaka sita! Akiamka vidole vimevimba, magoti hayakunjiki ila kwa shida, mimi ndiye namfunga vifungo vya gauni. Vidonge vya zahanati alimeza, lakini maumivu yalipungua kidogo tu. Siku moja sokoni Mpanda, Mwamvita, Mwislamu muuza vitenge wa mtaa wa Shanwe, akamwona anavyokaa kwa shida. Mwamvita aliwahi kufanya kazi kwa Wahindi Dar es Salaam, na mama wa nyumba ile alimfundisha yoga, mazoezi ya kujinyoosha na kuvuta pumzi.

"Dada, yoga haiponyi," akamwambia, "ila inalegeza. Fanya polepole, ukiona inauma acha. Na dawa usiziache." Akamwonyesha mikao michache, akampa na mkeka.

Tangu hapo kila alfajiri nikawa namtandikia uani, naweka blanketi chini ya magoti. Anakalia visigino, anainama mpaka paji la uso linagusa mkeka, mikono mbele, anavuta pumzi taratibu. Baada ya miezi mitatu akaanza kusonga ugali mwenyewe na kunifukuza jikoni. Jamani, nilivyofurahi kufukuzwa!

Sasa Telesphor, mzee wa kanisa mwenzangu, alfajiri moja akapita akienda kuchuma tumbaku. Akachungulia, akaenda zake bila hata salamu. Jumamosi nikaitwa kwenye kikao cha wazee.

"Mkeo kasilimu," akasema Telesphor. "Nimemwona kwa macho yangu akisujudu. Alfajiri, kwenye mkeka wa Mwislamu, tena kaelekea kaskazini, kwenye kibla!"

"Pande nyingine zote kwangu ni mabani ya kukaushia tumbaku," nikasema. "Ulitaka aelekee wapi, kwenye moshi?"

Nikawaeleza yote, hawakutaka kusikia. Wakasema nimkataze, au niuache uzee wa kanisa. Miaka kumi na tano niliutumikia. Damu ikanichemka.

"Basi chukueni uzee wenu! Nyie mnajua mwanamke yule anavyolia akivaa gauni? Mimi najua." Nikatoka bila kuaga.

Nyumbani nilipomwambia Épiphanie, akaanza kulia. "Baba Dieudonne, kazi ile unaipenda mno. Nitaacha mazoezi. Maumivu nimeshayazoea."

Neno hilo liliniuma kuliko yote ya Telesphor. "Mimi sijayazoea," nikamwambia. "Thubutu uache uone!"

Jumapili tukaenda kanisani. Kwetu wanaume hukaa kulia, wanawake kushoto, wazee mbele. Mbele hapakuwa pangu tena. Nikasimama katikati, watu wote wananikodolea macho, na kusema kweli niliona aibu. Kisha nikageuka kushoto, nikapita katikati ya akina mama na watoto wao, nikaketi ubavuni kwa mke wangu. Loh, minong'ono!

"Wewe mzee, una wazimu?" akaninong'oneza. "Watu wanaangalia."

"Waangalie vizuri."

Nikamshika mkono, taratibu nisimtoneshe, mbele ya kanisa zima. Tangu tuoane tulikuwa hatujawahi kushikana mikono mbele za watu. Akainamisha kichwa, nikadhani amekasirika, kumbe anacheka. Mkono wangu hakuuachia mpaka mahubiri yalipokwisha.