Baba, Mwambie

Saa tatu asubuhi Kipimo alihitaji futikamba. Ilikuwa upande wa pili wa meza, karibu na kiwiko cha mdogo wake, mahali ambapo angenyoosha mkono tu angeifikia. Hakunyoosha mkono.

"Baba," alisema, "mwambie mwanao anipe hiyo futikamba."

Baba yao alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akainuka kwa kujishika kiuno, akaizunguka ile meza ndefu ya kukatia vioo mpaka upande wa pili. "Kaka yako anaomba futikamba," alisema. Bashasha akampa. Mzee akaizunguka meza tena, akamkabidhi Kipimo, akarudi kuketi. Chai ilikuwa imeshapoa. Alikuwa amekufa mwaka uliopita, wakati wa mvua, na tangu hapo hakuwahi kunywa chai ya moto, si kwa sababu ya kufa bali kwa sababu ya kuitwaitwa.

Hao wawili walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na duka la vioo waliachiwa pamoja. Kipimo aliitwa hivyo kwa kuwa alipima kila kioo mara mbili, na hata mtu akimsalimia alimpima kwanza kwa macho kabla ya kuitikia. Bashasha alipewa jina lake kwa ajili ya kicheko, ingawa kicheko chenyewe siku hizi kilikuwa adimu. Utotoni walilala kitanda kimoja mpaka miguu yao ikawa inatokeza nje, na hata hapo walihamishwa kwa kulazimishwa.

Mtaa wao ulikuwa na nyumba mbili za ibada, moja juu kilimani na nyingine chini karibu na daraja. Ukoo wao wote uliabudu juu. Vyama navyo vilikuwa viwili, cha Ngazi na cha Ufunguo, na watu wa juu waliipigia kura Ngazi bila hata kuulizana. Sasa Bashasha, muda mfupi baada ya msiba wa baba yao, alianza kuteremka kuabudu kule chini, na uchaguzi ulipokaribia akabandika picha ya ufunguo kwenye baiskeli yake. Hakujificha. Jioni moja wakifunga duka alimsogelea kaka yake.

"Kaka, naomba tukae nikueleze. Nisikilize tu, halafu na wewe useme ya kwako."

Kipimo alikuwa anajifuta mikono. "Mimi usinieleze kitu," alisema. "Kamwambie baba."

Alisema vile kumkata kauli tu, kama watu wanavyosema. Lakini asubuhi iliyofuata walipofungua mlango walimkuta baba yao ndani, ameshika ufagio, anakusanya vipande vya vioo vya jana yake.

"Mmeniita," alisema. "Haya, nani ana neno?"

Bashasha alimweleza yote, kwa nini alihama na kwa nini ufunguo. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akaizunguka meza, akasimama mbele ya mwanawe mkubwa na kuvuta pumzi aanze. "Mwambie nina kazi," Kipimo alisema. Mzee akarudi na maneno yote vilevile, hayajaguswa. Bashasha naye, ambaye shingo yake haikuwa laini zaidi ya ya kaka yake, akaapa kwamba kama kaka anataka wapitie kwa Baba, basi watapitia kwa Baba mpaka mmoja wao achoke. Aliyechoka alikuwa Baba, lakini hakuna aliyemhesabu.

Wateja hawakuona tatizo. Walimpa mzee shikamoo, akaitikia marahaba, wakamuulizia bei kwa kuwa yeye alipunguza kuliko wanawe. Wapiga kampeni wa vyama vyote viwili walimletea fulana mpya. Alizipokea zote kwa mikono miwili, akawashukuru, na akawa anafutia vioo, ya Ngazi vumbi, ya Ufunguo alama za vidole.

Siku moja, kazi ikiwa imepoa, Kipimo alimuuliza jambo ambalo lilikuwa linamkereketa kooni.

"Baba, huko uliko, wamesemaje? Ni sisi wa juu au ni hao wa chini?"

Upande wa pili wa meza Bashasha aliacha kusugua kioo. Naye alitaka kulisikia hilo.

"Sijui, mwanangu," mzee alisema. "Sijafika ndani. Kuna foleni. Nikikaribia mlangoni nasikia 'Baba, mwambie,' nageuka nakuja. Nikirudi nakuta nimewekwa nyuma kabisa."

"Pole," Kipimo alisema, kisha akamwomba amwambie Bashasha kwamba fremu za shule zichukuliwe kesho.

Kwenda na kurudi kulimpunguza mzee. Kwanza zilififia nywele, halafu mabega, na kufikia kiangazi mtu aliyesimama nyuma yake aliweza kusoma kibao cha duka la jirani kupitia kifuani kwake. Watu wa vioo hawashtushwi na kitu kinachopitisha mwanga. Kipimo aliona, akajifanya hakuona, na usiku hakumwambia hata mkewe.

Ndipo kilipokuja kioo cha duka la dawa. Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa anafungua duka, akataka mbele pawe kioo kitupu, kipana, kirefu kuliko mtu. Kioo cha namna hiyo hubebwa na watu wawili, na wanaobeba husemeshana njia nzima: inua, shusha, taratibu, kona hiyo. Ndugu hao walikibeba kimya, Kipimo mbele, Bashasha nyuma, na Baba akitembea kando yao, akienda mbele na nyuma kadiri maneno yalivyohitajika.

Karibu na duka la dawa Kipimo aliuona mtaro ulioibiwa mfuniko. Akauruka.

"Baba, mwambie kuna mtaro."

Bashasha alisikia. Masikio yake yalikuwa mazima na kaka yake hakuwa mbali kuliko urefu wa kioo. Lakini ilishakuwa desturi yao kwamba neno halijafika mpaka Baba alifikishe, na Baba alikuwa bado njiani, anatembea kwa ule mwendo wake wa kujishika kiuno. Bashasha akapiga hatua. Mguu ukazama mtaroni, kioo kikamponyoka, kikavunjika kwa sauti iliyowatoa watu madukani, na alipoinua mkono kiganja kilikuwa kimechanika na damu inamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Jina la utotoni la mdogo wake, lile alilomwita gizani walipokuwa wanagombea shuka, lilimpanda Kipimo kifuani likafika mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Baba," alisema, "muulize kama ameumia sana."

Mama wa duka la dawa alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "We fundi, vipi?" alisema. "Si huyo hapo? Muulize mwenyewe! Unamsumbua mzee wa watu na ameshakufa!"

Watu wakamtazama Kipimo. Haya zilimshika, akatamani ardhi ipasuke immeze pale pale pamoja na vipande vya kioo. Mzee alikuwa ameshainama mtaroni. Akauliza, akajibiwa, akarudi.

"Anasema si sana," alisema. "Tena anasema bado anataka kukueleza."

Kipimo alilijua neno lililotakiwa. Lilikuwa moja: nieleze. Alikuwa nalo mdomoni, na mdogo wake, aliyekaa ukingoni mwa mtaro akikandamiza kiganja, alikuwa anamtazama usoni anangoja. Kilichomzuia hakikuwa hasira. Hasira ilikuwa imekwisha zamani, hata hakukumbuka ilikwisha lini. Hakuwa na hofu kwamba Bashasha angesema upuuzi, maana upuuzi angeujibu. Alihofu angesema jambo la maana, na yeye, kaka mkubwa, angebaki pale hana la kusema, mbele ya watu.

"Mwambie aende hospitali," alisema. "Vipande nitafagia mimi."

Habari ilimfikia mama yao. Yeye alikuwa hai, tena mzima, na alikuwa amekataa katakata kupeleka maneno ya mtu. Alikuja dukani mchana wa siku ya pili na mkongojo wake, akaketi kwenye kreti lililopinduliwa kando ya mumewe.

"Baba watoto, umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Ya moto?"

Mzee akatazama chini. Mama akampangusa vumbi begani, mkono ukapita kidogo ndani, akaurudisha taratibu kwenye mapaja yake. Kisha akawageukia wanawe.

"Huyu mdogo wako mimi alinieleza," alimwambia Kipimo. "Yalikuwa maneno ya robo saa. Sikukubaliana naye. Nikamwambia hapa umekosea, na hapa, na hapa naona una haki. Akabisha, nikabisha, tukala, akanioshea vyombo akaenda zake. Nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Basi mimi siku zangu zimekaribia. Nilitegemea nikifika huko nimkute mwenzangu ameshatulia, ameniwekea nafasi. Sasa nitamkuta wapi? Kwenye foleni?" Alipiga mkongojo sakafuni. "Mwacheni mume wangu aende. Semeni wenyewe. Hata mtukanane, jamani, lakini mtukanane wenyewe!"

"Ndiyo, mama," wote wawili walisema kwa pamoja, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kulisema kwa sauti moja tangu msiba.

Mama alipoondoka, mzee aliinuka, akachukua kofia yake msumarini, akasimama mlangoni. Hakuwaharakisha. Aliizungusha kofia mikononi akitazama barabara. Bashasha alikuwa upande wake wa meza, bandeji mkononi, macho kwa kaka yake. Nje muuza magazeti alipita, akaita, sauti yake ikaishia kwenye kona. Kipimo alikohoa. Akaisogeza futikamba kushoto, akairudisha kulia. Neno lilikuwa lilelile moja, na lilikuwa limekaa palepale.

"Baba," alisema, "kabla hujaenda. Mwambie afunge lile dirisha, vumbi linaingia."

Mzee aliitundika kofia msumarini.

Kipimo alilala vibaya siku hiyo na siku zilizofuata. Kila asubuhi aliondoka nyumbani amejiapiza kwamba leo atasema, na kila asubuhi alipofika, kiti cha plastiki kilikuwa na mtu wa kumsaidia asiseme.

Mama yao alifariki kabla ya uchaguzi, mchana, usingizini. Alikuwa amelala kitandani kwake amefunikwa mpaka kidevuni, mwana mmoja kulia, mwingine kushoto, na ubishi ukaanza kama atazikwa na watu wa juu au watu wa chini wapewe nafasi nao waombe. Hawakubishana wenyewe. "Baba, mwambie mama alikuwa wa kwetu." "Baba, mwambie mama hakuwahi kumfukuza mtu." Mzee alizunguka kitanda cha mkewe mchana kutwa. Kufikia jioni alikuwa anapitisha mwanga kabisa kama kioo, hana vumbi wala mkwaruzo, na alipoegemea mguu wa kitanda kupumzika, wale ndugu walitazamana kupitia kwake. Kipimo alimwona mdogo wake vizuri kuliko alivyomwona mwaka mzima, macho mekundu, ndevu hazikunyolewa. Mama alizikwa na watu wa juu. Watu wa chini walisimama nje ya uzio, na Bashasha alisimama nao.

Walifungua duka baada ya matanga kwisha. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Mama alikuwa ndani, amejifunga kitambaa kiunoni, mkongojo ameuegemeza ukutani kwa kuwa hakuuhitaji tena. Alikuwa amemkalisha mumewe na kumpa chai, na chai ilikuwa inatoa moshi.

"Baba yenu hawezi tena," alisema. "Sauti haimtoki. Hata kwenye foleni sikumwona, nikajua nitamkuta hapa." Alipanga kikombe na sahani yake juu ya kreti, akajinyoosha. Hakuwa na hasira, na hilo Kipimo hakuliweza. "Haya. Nani ana neno?"

Bashasha alikuwa upande wake wa meza, ameweka mikono juu ya kioo, kile kiganja chenye kovu kikiwa juu, anamtazama kaka yake kama alivyomtazama ukingoni mwa mtaro.

Machozi yalimjaa Kipimo. Walikuwa yatima sasa, wote wawili, na mtu mwingine duniani aliyejua hilo lina uzito gani alikuwa mbele yake, upana wa meza tu. Alifungua mdomo. Alilitafuta lile neno, akalikuta, akaliinua mpaka juu kabisa.

"Mama," alisema, "mwambie mwanao nampa pole kwa msiba."

Mama akajishika kiuno, akaanza kuizunguka meza.

"Kaka yako anakupa pole," alisema alipofika.

Bashasha akainamisha kichwa. "Mwambie asante," alisema. "Mwambie na yeye pole."

Mama akageuka. Meza ilikuwa ndefu, naye hakuwa na haraka. Kipimo, ambaye alikuwa ameshalisikia jibu, alisimama na futikamba mkononi, akingoja afikishiwe.