Mito ya Mawifi

Asubuhi ile chumba kilikuwa kimejaa sufi mpaka ukuta wa pili ulionekana kwa mbali, kama uko ndani ya ukungu. Wifi alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, kitambaa amejifunga puani, anachambua sufi, anatoa mbegu na vijiti, kisha anaisukumia ndani ya mto kwa ngumi. Kila akisukuma, nyuzi nyepesi ziliruka juu, zikaelea kwenye mwanga wa dirisha na kukataa kushuka. Mama Mito alikuwa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, mkono unasogeza kitambaa, akili haipo pale.

Ndivyo walivyofanya kazi tangu mwanzo. Mama Mito hushona ganda la mto na kuacha mdomo upande mmoja. Wifi yake, dada wa mumewe, hujaza. Kisha mto hurudi kwenye cherehani ukafungwa mdomo. Mama Mito akijaribu kujaza, mto hutoka na mabonge kama gunia la viazi. Wifi akishika cherehani, mshono huenda kama njia ya mbuzi. Kwa hiyo hakuna mto hata mmoja ambao mmoja wao angeweza kuunyanyua na kusema huu ni wangu.

"Kitambulisho umechukua?" wifi aliuliza, sauti inatoka nyuma ya kitambaa.

"Nimechukua."

"Na picha?"

"Zote mbili. Yangu na yako. Yako umenuna."

"Mpiga picha aliniambia nisicheke, eti ni ya serikali." Akasukuma ngumi ya sufi. "Na jina langu ulitaje lote. Usije ukasema 'mimi na wifi', wakaandika Wifi."

Walicheka, cherehani ikasimama kidogo. Mtunza stoo wa bweni la wanafunzi wauguzi ndiye aliyewaletea mbio zile. Alikuwa amebonyeza mto wao, akaunusa, akaukumbatia kama mtoto, akasema anataka mito ya bweni zima. Lakini bweni halinunui kwa mtu wa nyumbani, linanunua kwa biashara yenye cheti. Mito na cheti vifike leo, kabla stoo haijafungwa alasiri. La sivyo atampa mwingine, na huyo mwingine yupo, anauza mito ya sponji.

Basi waligawana siku kama wanavyogawana mto. Mmoja aende ofisini, mwingine abaki ajaze. Hawakuona kosa lolote hapo. Ndiyo kazi yao ilivyo.

Mlangoni wifi alimfuata, mikono myeupe mpaka viwikoni, nywele zimejaa sufi kama amezeeka tangu alfajiri.

"Wifi."

"Naam."

"Usinisahau kwenye karatasi."

Hakusema kwa mzaha. Yeye na marehemu mumewe waliwahi kuwa na duka la vipuri vya baiskeli, wakalijenga wote, yeye akipaka grisi sawa na mwanaume. Mume alipofariki shemeji zake walikuja na karatasi yenye jina moja. Wifi alitoka pale na godoro na sufuria zake. Siku ile hakulia. Aliuliza tu karatasi ile iliandikwa siku gani, kama vile angeweza kuirudia siku hiyo, akasimama pembeni ya meza, akaonekana.

"Nikusahau vipi," Mama Mito akasema, "na mto wenyewe umeujaza wewe?"

Chini ya kwapa alikuwa na mto mmoja, amefunga kwa kitambaa safi. Alimwambia wifi kuwa mtoto akienda kuandikishwa hupelekwa mwenyewe, akaonekana ni wa kike au wa kiume. Sasa biashara wataiandikaje bila kuiona?

Ofisi ilikuwa ghorofani, ukumbi mrefu wenye benchi la mbao na feni moja iliyozunguka polepole kama inafikiria. Mlinzi aliubonyeza mto kwa kirungu chake.

"Mama, hapa wanasajili biashara. Matandiko hawasajili."

"Ndiyo biashara yenyewe, baba."

Mlinzi akautazama tena, akashindwa kupata sheria inayoukataa, akampitisha.

Kwenye benchi alikaa karibu na fundi wa kuchomea vyuma, mtu mzima mwenye mikono ya shati iliyotobolewatobolewa na cheche. Fundi aliukodolea mto.

"Laini huo?"

"Ushike."

Akaushika, akauweka nyuma ya kiuno, akafumba macho. "Nimekuja mara nyingi mpaka mbao hii inanijua. Wewe unafungua nini? Mtu mmoja, ubia, au kampuni?"

"Kuna tofauti?"

"Tofauti ipo, dada yangu, na hawakuambii mpaka ikuume." Fundi alizungumza bila kufumbua macho. "Mimi nilikuwa mtu mmoja. Mtu mmoja maana yake wewe ndiyo biashara na biashara ndiyo wewe. Nikachelewa kumlipa mwenye vyuma, wakaja nyumbani. Nikawaambia karakana ile kule. Wakasema karakana na kitanda chako vyote ni vya mtu huyohuyo. Wakabeba kitanda, mke wangu amesimama na shuka mkononi."

"Na ubia?"

"Ubia mnakuwa wawili, mnabebana. Mwenzio akikopa, hata wewe umekopa. Lakini angalau mmeandikwa wote."

"Na hiyo kampuni?"

"Kampuni ni mtu mwingine kabisa. Anazaliwa hapa ofisini, anapewa jina, anakopa yeye, anadaiwa yeye. Akifa, anakufa na yake, kitanda chako hakiguswi. Ndiye ninayemtafuta mimi. Ila kumzaa huyo, karatasi zake haziishi."

Akili ya Mama Mito ilinaswa hapo. Mtu anayezaliwa ofisini. Feni ilizunguka, joto likamlegeza, na katikati ya usingizi na macho alimwona amekuja, amekaa kwenye benchi kati yake na fundi: mtu wa karatasi nyeupe, mwepesi, hana miguu, hana mama. Alimwuliza analala wapi usiku. Yule mtu akasema hajawahi kulazwa, hakuna aliyekumbuka kumpa mto. Akataka kumwambia, wifi yangu atakujazia mmoja, lakini sauti ikamwita kutoka mezani, mtu akayeyuka.

"Anayefuata. Mama wa mto."

Karani alikaa kwenye kiti cha mbao, akijinyoosha mgongo mara kwa mara. Hakuangalia kitambulisho kwanza. Aliangalia mto.

"Jina la biashara?"

"Mito ya Mawifi."

Karani akatabasamu, akaandika kwenye kompyuta. "Lipo wazi. Umiliki?"

"Ubia. Mimi na wifi yangu. Picha yake hii hapa, na jina lake lote nimelishika."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani, anajaza."

"Ubia lazima wote muwepo, mbele yangu. Na hati ya ubia iko wapi?"

"Hati gani, baba?"

"Makubaliano. Nani ametoa nini, nani anapata nini, mmoja akifa inakuwaje. Yagongwe mhuri na wakili."

"Sisi hatujaandikiana. Tunaelewana tu."

"Kuelewana hakuna sehemu yake humu." Aligonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Nenda kwa wakili, umlete mwenzako, urudi wiki ijayo. Wiki hii mawakili wako kwenye semina."

Mama Mito alimweleza habari ya bweni, stoo na alasiri. Alieleza vizuri, polepole, bila kulia. Karani alisikiliza huku kidole chake kikibonyeza mto uliokuwa juu ya meza, ukizama na kurudi, ukizama na kurudi.

"Nikusaidie?" akasema, sauti imepoa. "Weka jina lako peke yake. Mtu mmoja. Chapchap, cheti unaondoka nacho sasa hivi. Huyo mwenzako utamwongeza baadaye."

"Anaongezwa?"

"Baadaye kila kitu kinawezekana."

Wewe unayesoma, hapa ndipo pa kuwa macho, maana wengi huangukia hapa. Neno baadaye halikuandikwa popote. Lilitoka mdomoni mwa mtu aliyekuwa akiwaza kiti chake.

Alimpigia wifi. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Alijua ilipo: imezama mahali fulani ndani ya sufi, inatetemeka peke yake, na wifi kajifunga kitambaa, anasukuma ngumi, hasikii. Nyuma yake foleni ilianza kuguna. Mtu akasema, "Mama, kama hujaamua si ukae pembeni." Saa ya ukutani haikumsubiri. Akamwona mtunza stoo anafunga kufuli. Akaiona mito yote imejaa chumbani, haina pa kwenda, mpaka watoto wakose pa kulala.

Akatia sahihi. Mkono wake, uliozoea mshono ulionyooka, ulipinda.

"Huu uache," karani akasema, ameshauvuta mto upande wake. "Wakubwa wauone, kama ushahidi wa biashara."

Cheti kilitolewa dirisha la mwisho na mama mmoja mwenye miwani kwenye kamba. Mama Mito alikipokea kwa mikono miwili.

"Samahani, dada. Kumwongeza mwenzangu nije siku gani?"

"Kumwongeza wapi?"

"Humu."

Yule mama alishusha miwani. "Hii ni ya mtu mmoja. Haiongezwi mtu. Mkitaka ubia, hii unaifunga, mnaanza moja mkiwa wawili, na hati ya wakili. Na kuifunga nako mpaka upate barua kwamba hudaiwi kodi."

"Lakini karani amesema..."

Aligeuka. Kule mezani karani alikuwa ameukalia mto. Mabega yameshuka, uso umetulia kama wa mtu aliyeamka usingizi mzuri wa mchana. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa akiita, "Anayefuata."

Kwenye ngazi alikutana na fundi wa kuchomea, naye anashuka. Kampuni yake haijazaliwa. Wamemwambia jina linafanana na la mtu mwingine.

"Wewe wamekuandika vipi?"

"Mtu mmoja."

Fundi alishuka ngazi moja, akageuka. "Cherehani yako iko wapi?"

"Nyumbani."

"Basi usikope," akasema. "Hata chumvi."

Alipofungua mlango wa nyumbani aliona mito tu. Imepangwa mpaka dirishani, mweupe juu ya mweupe, na wifi katikati yake, amefungua kitambaa puani, anapumua, uso una nusu ya vumbi na nusu ya mtu.

"Amezaliwa?" wifi aliuliza.

"Amezaliwa."

Wifi alinawa mikono mpaka viwikoni, akaifuta vizuri, akakishika cheti kwa pembe zake asikichafue. Alisoma kwa kidole, herufi moja moja, midomo inacheza.

"Mito ya Mawifi," akasoma. Akatabasamu. Kidole kikashuka. "Mmiliki." Akasoma jina la mwenzake lote, bila kuruka. Kidole kikashuka tena, kikapita mahali peupe, kikafika kwenye mhuri. Kikarudi juu. Kikashuka tena taratibu zaidi, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Walitaka uwepo," Mama Mito akasema. "Walitaka hati ya wakili. Nimekupigia, wifi. Nimekupigia. Karani akasema utaongezwa baadaye, kumbe..."

"Nimeona simu zako. Nilikuwa kwenye mto wa mwisho."

"Tutakifunga. Tukishalipwa tu tutakifunga, tutaanza upya wote wawili."

"Sawa." Wifi alimrudishia karatasi, ameishika kwa pembe zilezile. "Tufunge mizigo, stoo itafungwa."

Walifunga mito kwenye mashuka, wakaipakia kwenye mkokoteni wa kukodi, wakausukuma wote, bega kwa bega kama kawaida. Mto ni kitu kikubwa kisicho na uzito, na mzigo ule ulikuwa unayumba juu yao kama wingu lililofungwa kamba. Watu njiani waliwapisha, wakicheka. Mama Mito alijiona kama anatembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Mtunza stoo aliupokea mto wa kwanza, akaubonyeza, akaunusa. "Hii ndiyo kazi. Nani amejaza hii?" Kabla hajajibiwa akafungua daftari lake la kupokelea. "Haya, mwenye biashara asaini hapa."

Wote wawili walikuwa wamesimama mbele ya meza. Wifi akapiga hatua moja, akasogea pembeni.

"Ni huyu," akasema. "Huyu ndiye bosi."

"Na wewe?"

"Mimi najaza."

Mama Mito alitia sahihi. Safari hii mkono haukupinda, na hilo lilimuumiza zaidi.

Walirudi na mkokoteni mtupu, unapiga kelele kwenye mawe. Kila jioni, kazi ikiisha, Mama Mito humchambua wifi yake sufi kichwani, moja moja, kabla watoto hawajamcheka kwamba ni bibi. Wifi huinamisha kichwa, na hapo ndipo huambiana mambo ya siku. Mama Mito alinyoosha mkono kama kawaida.

"Acha tu, nitajitoa mwenyewe," wifi akasema kwa upole, akitangulia mbele kidogo, vidole vyake vikipapasa nywele. Unyuzi mweupe uliachia, ukapaa juu ya barabara, ukakataa kushuka.

"Kesho niingie saa ngapi, bosi?"