Mshenga Aliyenyamaza

Fundi hakuwa na msaidizi. Hakuwa na seva ya majaribio, ingawa aliiomba kila bajeti ilipoandaliwa. Hakuwa na ruhusa ya kuzima mashine ya maabara hata kwa dakika chache. Wala hakuwa na ubavu wa kubishana na mjomba wake, mkuu wa kitengo cha kompyuta hospitalini hapo, ambaye ndiye aliyempa kazi.

Kwa hiyo Jumamosi, amri ilipotoka kwamba viraka vya usalama vya programu viwekwe haraka kuziba tundu walilopitia wezi wa mitandaoni, fundi aliviweka moja kwa moja kwenye seva inayotumika. Viraka viliigusa programu inayopokea majibu ya vipimo kutoka maabara na kuyafikisha wodini. Pale kazini waliiita Mshenga. Alipomaliza, alitazama taa ya Mshenga kwenye skrini. Kijani. Akaenda kunywa chai.

Kesho yake asubuhi nesi wa wodi ya wazazi alipiga simu.

"Fundi, huyo Mshenga wako amelala?"

"Mzima kabisa, dada. Taa ya kijani."

"Kijani kitu gani! Mama wa watu anavuja damu tangu alfajiri, amepauka kama karatasi, na kompyuta inaniambia damu yake tele. Tena sampuli mpya nimeshapeleka!"

Fundi alifungua kumbukumbu za Mshenga. Mstari ule ule ulijirudia mpaka chini: muunganisho umekataliwa. Mashine ya maabara ilikuwa kuukuu. Ilijua namna moja tu ya kujitambulisha, na viraka vilikuwa vimeipiga marufuku namna hiyo. Kwa kukosa jibu jipya, skrini za wodini ziliendelea kuonyesha la jana. Kwa kutazama taa, fundi alimwuliza Mshenga kama yu hai tu. Hakumwuliza kama amefikisha.

"Dada, usiiamini skrini! Waambie wodi zote wafuate majibu maabara kwa miguu!"

Kisha akaitengea mashine ile njia yake peke yake, isiyogusana na mtandao mwingine, akamruhusu Mshenga kuipokea kwa namna ya zamani. Majibu yakamiminika. Lakini yule mama alikuwa ameongezewa damu kwa kuchelewa. Alilazwa chumba cha mahututi, hajafumbua macho.

Mjomba alifunga mlango wa ofisi.

"Tutaandika kwamba umeme ulikatika."

"Haukukatika, mjomba."

"Unataka kunivua nguo hadharani? Nilikushika mkono huna mbele wala nyuma!"

"Mumewe yuko kwenye benchi pale nje. Kila nikipita ananiuliza damu ilichelewa kwa nini."

"Mwambie ni mipango ya Mungu."

Fundi alirudi mezani kwake akaandika barua kwa mkurugenzi, na nakala kwa mume wa mgonjwa. Alieleza kilichokataliwa, kilichoonyeshwa wodini, na kwamba yeye mwenyewe alitosheka na taa. Aliomba mafaili ya wagonjwa wote tangu viraka viwekwe yapitiwe upya. Alijua mama yake angepigiwa simu na mjomba, kaka yake, kabla jua halijazama, na angelia.

Alizifunga bahasha zote mbili kwa gundi, akamkabidhi tarishi.

"Mjomba wako ameziona?"

"Bado."

Tarishi alimtazama, akazitia mkobani, akaenda zake.