Saa Niliyomdanganya Wifi

Tangu usichana wangu, nikisikia gitaa linajaribiwa mahali, miguu yangu haiombi ruhusa. Nimesikiliza bendi kwenye maghala, kwenye sherehe za watu nisiowajua, hata nje ya madirisha. Bendi ikishapata jina, natafuta nyingine. Raha yangu ni kuwa wa kwanza.

Bendi hii niliipata nilipopeleka mlango wa duka langu la ushonaji kwa mchomeleaji. Nyuma ya karakana, yeye na wenzake watatu walikuwa wakifanya mazoezi katikati ya mageti ambayo hayajakamilika. Kwa miezi saba, kila Jumamosi, nilikaa pale juu ya ndoo, kimya. Kisha kiherehere kikaniponza, nikampeleka wifi, mke wa kaka yangu.

Wifi hajui solo wala besi. Lakini siku ya kwanza tu alipiga makofi, akasema, "Fundi, wimbo huu hauishi, kama mgeni anayeaga mlangoni." Wakaufupisha. Mimi nililiona hilo tangu mwezi wa pili, nikanyamaza kwa adabu. Tangu hapo wakawa wanapiga wakimtazama yeye. Akaletewa kiti.

Nilimwomba Mungu aniondolee wivu. Nikiinuka kwenye magoti, naukuta umeketi kitandani unanisubiri.

Onyesho lao la kwanza lilikuwa saa nane mchana, ukumbi wa shule. Wifi aliponiuliza, nikamwambia saa kumi.

Saa nane nilikuwa mstari wa mbele. Mchomeleaji akashuka jukwaani.

"Mama, wifi yako yuko wapi? Hatuanzi bila yeye."

"Kwani mimi si mtu?"

"Ni mtu, mama. Ila uso wako hausemi kitu. Miezi yote ile tulidhani majirani wamekutuma upeleleze kelele."

Wenzake wakacheka. Kweli sikuwahi kuwaambia hata neno moja jema.

Nikaenda kwa wifi. Nilimkuta anapiga pasi.

"Wifi, nilikudanganya saa. Wanakungoja."

"Kwa nini?"

"Wivu."

Akazima pasi, akanitazama. "Kumbe. Na mimi nilidhani ukiona wivu utamwonea mwenye kaka yako, si mwenye kiti cha karakana." Akavaa viatu. "Twende. Nimekasirika, lakini tutagombana baadaye."

"Ningoje basi."

"Nikikungoja na hayo magoti yako mabovu, watazeeka jukwaani." Akakimbia.

Nilipofika, mlango ulikuwa umejaa. Nikasimama dirishani na waliochelewa. Ndani, wifi alikuwa mbele kabisa, mikono juu.

Kijana mmoja akaniuliza, "Mama, hii bendi inatoka wapi?"

Nilitamani kusema sijui. Nikamwelekeza karakana, nikamtajia na Jumamosi. Aliposhukuru, roho iliniuma, nami nikamwomba Mungu anisaidie kuuvumilia wivu huo mpaka wimbo uishe.