Mlango wa Mbele

"Turudie, dada Waride," alisema Abdulaziz, kijana aliyekuja kutoka Dar kutengeneza filamu. "Umeuendea mlango kama mtu mwenye hofu. Huu ni mwanzo, bado hujui lolote. Mumeo karudi kutoka shamba, kabisha hodi, umefurahi. Watazamaji waipende kwanza nyumba hii, ndipo wauaji waje."

Waride akarudi dirishani, akaushika tena ungo wa mchele. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyewaleta watu hawa asubuhi, kwa kuwa walitaka nyumba ya udongo inayotazama barabara ya Kibiti, naye Waride hakujua namna ya kukataa wageni. Hakuwaambia kwamba mlango ule wa mbele haufunguliwi. Siku moja wanaume watatu walibisha pale wakati wa chakula, kwa adabu kabisa, wakamwomba mumewe, Haruni, atoke nje mara moja wazungumze. Haruni akanawa mkono, akatoka. Hakurudi, wala halikupatikana kaburi la kusomea dua. Tangu hapo Waride na mkwewe hupitia mlango wa uani.

Hodi ikapigwa. Waride akaenda, akanyoosha mkono kwenye komeo, ukasita. Mwili wenyewe ukajibanza ukutani.

"Nani?"

"Usiulize nani," Abdulaziz alisema taratibu. "Sema karibu. Tabasamu. Kwani kuna nini, dada?"

"Hakuna kitu."

Alikwisha kuona kwamba habari ya Haruni ikitajwa, watu hukumbuka wana shughuli kwingine.

Wakaanza upya. Safari hii Mahamudu, mwigizaji aliyesimama nje, akaongeza maneno yake mwenyewe, kwa sauti nzito ya mtu aliyechoka: "Hodi. Fungueni jamani, nimerudi. Njaa inaniuma."

Katika chumba cha ndani kitanda kikalia. Bi Mwanahalima, mama yake Haruni, akatoka akipapasa ukuta. Mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga tu. Akapita katikati ya nyaya na watu, akampita Waride, akaliondoa komeo kwa mikono yake. Jua likaingia mpaka kwenye mkeka.

"Umechelewa, mwanangu," akasema.

Mahamudu akamtazama Abdulaziz. Abdulaziz, jicho likiwa kwenye kamera, akampungia mkono: endelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda." Akamshika kifundo cha mkono, akamwongoza hadi kwenye mkeka, akamketisha, naye akaketi ubavuni pake bila kumwachia. "Waride, mpakulie mumeo."

Kamera ilikuwa bado inakwenda. Mahamudu alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wake umelala katika mikono ya bibi yule kama kitu alichokabidhiwa.

"Waride."

"Naam, mama."

Akaenda jikoni, akafunua sufuria. Akapakua wali, akaushindilia kwa mwiko, akaongeza, akaushindilia, akaongeza tena, mpaka ukawa unamwagika ukingoni mwa sahani.