Kochi Lisilopita Mlangoni

Siku kijana alipompeleka mchumba wake nyumbani kwa mara ya kwanza, alimtambulisha hivi: "Baba, huyu ni mpangaji wa barabara, yuko manispaa."

Baba mtu akamtazama binti toka utosini hadi kwenye viatu, akauliza kwa upole, "Amepanga barabara? Na kodi analipa kwa mwezi au kwa kilomita?"

Basi jina likaganda. Hata baada ya ndoa, mzee hakumwita mkwe wake kwa jina jingine ila Mpangaji. Naye mkwe alimwita baba, ingawa mtaa mzima ulimjua kama Mzee Springi. Alikuwa fundi makochi, na tena hakuwahi kukaa kitini akatulia. Ukimgusa kwa neno, karuka.

Karakana yake ilikuwa banda lililo wazi upande wa mbele, kando ya barabara itokayo sokoni kwenda shule ya msingi. Barabara yenyewe ilikuwa pana, imenyooka, lami yake inateleza kama sahani. Dereva mpole aliyetoka kwake akimwombea kila mtu heri, akiingia pale tu alipandwa na shetani wa mbio. Watu walivuka roho mkononi. Mwaka uliotangulia mwanafunzi mmoja alivunjika mguu akitoka darasani, na tangu hapo akina mama waliacha kazi zao kila mchana, wakaenda kuwashika watoto mikono na kuwavusha kwa makundi.

Mpangaji alikuwa ameomba mwenyewe apewe barabara ile. Alitaka kuipunguza upana karibu na shule, aweke kivuko kilichoinuka ili gari lisipite bila kupunguza mwendo, na ile nafasi ya kuegesha magari upande mmoja awape waendao kwa miguu. Lakini kwanza majaribio ya wiki moja: rangi tu, na matairi makuukuu yaliyojazwa udongo na maua. Yakifaa, zege. Yasipofaa, rangi inafutwa na maisha yanaendelea.

Wananchi wakaitwa mkutanoni, katika ukumbi wa shule. Mpangaji alipomaliza kueleza mchoro wake ukutani, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa baba mkwe wake.

"Nina swali kwa ofisa," alisema, kana kwamba hawajawahi kuonana. "Mteja wangu akija na gari lake, aliegeshe wapi? Kichwani kwangu?"

Ukumbi ukacheka.

"Baba, swali lako ni zuri..." Mpangaji akajing'ata ulimi. "Yaani, ndugu mkazi, swali lako ni zuri."

Ukumbi ukacheka zaidi. Mzee akapata nguvu. "Wananchi wenzangu, barabara ni kama suruali. Ukiibana, itapasuka!"

Watu wakapiga makofi. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma kabisa, haina haraka: "Suruali ikipwaya nayo humwangusha mwenyewe. Tuulizeni sisi tunaoshona."

Alikuwa mshonaji, mjane ambaye duka lake lilitazamana na karakana ya Mzee Springi. Watu walicheka hadi madirisha yakatetemeka. Mzee, ambaye hakuwahi kukosa jibu tangu azaliwe, alikaa chini akaanza kuichunguza kofia yake. Mpangaji aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Nyumbani alimtegemea mumewe amwonee huruma. Mumewe alikuwa anakatakata vitunguu. "Mimi msiniulize," alisema. "Mmoja kanizaa, mwingine kanioa. Nitalia na vitunguu vyangu."

"Mimi nimekuoa wewe?"

"Nani aliyeanza kumtongoza mwenzake?"

Mpangaji akachukua kitunguu kimoja, akaanza kumsaidia kumenya.

Siku zilizofuata alikwenda kuitazama barabara kwa macho yake, kama kazi inavyotaka. Mshonaji alimpa kiti barazani kwake, karibu na cherehani. Wakiwa pale wakamwona Mzee Springi anatoka karakanani amevaa shati lililopigwa pasi. Akaingia kwenye pikapu yake. Akaiwasha kwa taabu. Akaondoka, akaenda mpaka kwenye mzunguko kule mwisho wa barabara, akageuka, akarudi, akaegesha mbele ya duka la mshonaji. Kushuka, ana kwa ana na mkwe wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Uso ulikuwa umemwiva.

"Unatoka wapi?"

"Mbali."

"Si umetoka pale?" Mpangaji akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, ambako makochi yaliwatazama midomo wazi.

"Ndiyo. Pale ni mbali." Mzee akafungua kiganja, akaonyesha kifungo. "Kimekatika."

Mshonaji hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Vifungo vya mashati yake nimeshavimaliza. Sasa ameanza kukata vya makoti."

"Lakini baba, kwa nini usivuke kwa miguu tu?"

"Nivuke hii?" Lori likapita likiwatimulia vumbi, kana kwamba lilikuwa limetumwa kumsaidia kujibu. "Mwanangu, mpangaji si wewe peke yako. Na mimi nina mipango yangu hapa duniani, sitaki ikatishwe."

"Basi hayo ndiyo niliyokuwa nasema mkutanoni!"

"Usichanganye mambo," mzee akasema kwa heshima kubwa. "Hapa tunazungumzia kifungo."

Majaribio yakaanza siku ya Jumatatu, na yakaanza vibaya. Rangi ilipakwa vizuri, mistari ya kivuko iling'aa, koni zikapangwa. Lakini gari lililobeba matairi liliharibika njiani. Bosi wake alimpigia simu akamshauri aahirishe. Mpangaji akatazama rangi iliyokwisha kukauka na watoto waliokwisha kuanza kuirukiaruka, akasema hapana, matairi yatawakuta mbele.

Haikufika saa nne. Gari la kreti za soda lilikuja mbio, likaigonga koni ya kwanza. Koni ikapaa kama mpira wa kona, ikatua juu ya kibao cha karakana. Kibao kilichosomeka MAKOCHI YA KISASA kikamegeka mwishoni, kikabaki MAKOCHI YA KISA.

Mzee Springi alitoka nje mikono kiunoni. Alikisoma kibao chake. Akakisoma tena.

"Nani kafanya?"

"Gari la soda, baba. Limeshakwenda."

"Na hizi kofia za plastiki ndizo ulizotegemea zimzuie?"

"Matairi yanakuja."

"Yako wapi?"

"Yanatengenezewa gari."

Mpangaji alitaka kulia, na alijua kwamba mzee ameliona hilo. Alisubiri aambiwe, "Si nilikuambia?" Badala yake mzee aligeuka akatazama ndani ya banda, kwenye pembe ya giza, mahali lilipokaa Kochi.

Kochi lile lilikuwa fahari yake na aibu yake. Lilikuwa jekundu, la mahameli, migongo yake imechongwa maua, na lilikuwa kubwa kiasi kwamba halikupita mlango wa nyumba yoyote. Kwa mteja wa kwanza walijaribu dirishani. Kwa wa pili mtu alitaja paa, na mke wa mteja akawafukuza.

"Sasa hii vita ni yangu," mzee akasema. "Jamani, njooni tubebe!"

Wakaja mafundi wake, akaja muuza nyama na aproni yake, akaja pia dereva wa teksi aliyekuwa hana abiria. Wakalitoa Kochi, wakaliweka juu ya rangi, ukingoni kabisa, mahali palipotakiwa tairi la kwanza. Mpangaji akalizungushia koni na utepe unaong'aa. Kisha yakafuata makochi mengine, na kiti cha mkono mmoja, mpaka upande ule wa barabara ukawa sebule.

Nani apite mbio mbele ya sebule? Madereva walipunguza mwendo shingo zimewatoka madirishani. Mmoja alisimama kabisa akauliza bei. Akina mama waliokuja kuvusha watoto waliona viti, wakakaa nyuma ya utepe, wakavua viatu. Kengele ya shule ilipolia, watoto walitoka wakafika kivukoni, magari yakasimama, nao wakavuka wakitembea. Wakitembea! Mama mmoja aliyezoea kupiga kelele alibaki mdomo wazi, hana pa kuielekeza sauti yake.

Bosi akafika akihema. "Nimepigiwa simu. Wanasema kuna sebule barabarani."

"Ni majaribio, bosi."

"Kwenye mchoro mliandika makochi?"

"Tuliandika 'vizuizi vya muda'."

Bosi alilizunguka Kochi, akalibonyeza, akakaa. Akanyoosha miguu. "Hivi hili linauzwaje?"

"Kwanza niambie," Mzee Springi akajibu, "mlango wako una upana gani?"

Jioni, mawingu yakiwa yameanza kukusanyika, matairi yakafika. Makochi yakarudishwa bandani, Kochi likiwa la mwisho, na watu walilisindikiza kama mgeni wa heshima. Mzee alikuwa analipangusa vumbi alipoinua macho na kumwona mshonaji amefunga duka lake, amesimama kando ya mistari mipya. Gari likasimama. Mshonaji akavuka polepole, kwa miguu yake, akaingia karakanani.

Mzee akajipapasa shati kutafuta kifungo. Vyote vilikuwepo.

"Nimekuja kuangalia kochi," mshonaji akasema.

"Halipiti mlangoni, hili."

"Nani kasema nataka lipite? Mimi nataka kukaa."

Akakaa ncha moja ya Kochi, mzee akakaa ncha nyingine, na katikati yao kamati nzima ingeenea. Mvua ikaanza. Mpangaji, aliyekuwa amejibanza chini ya banda na michoro yake, aliamua kwamba ni afadhali alowe, akaondoka.

Wiki ikawa mwezi, na baraza la manispaa likapitisha zege. Si kila mtu alifurahi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinuna kwa sababu magari yake ya saruji hayakuwa na pa kusimama, na hakuwa na kosa. Mpangaji alirudi mezani akamtengea nafasi ya kushushia mizigo asubuhi, kabla ya shule. Bado alinung'unika, ila kwa sauti ndogo. Kwenye mkutano wa pili Mzee Springi alisimama akawaeleza wananchi jinsi yeye na mkwe wake walivyolipanga jambo hili tangu mwanzo. Mpangaji alimtazama mumewe. Mumewe akatazama dari.

Jumapili moja, kivuko cha zege kimeshakamilika, Mpangaji, mumewe na mzee walikuwa mbele ya karakana. Mzee akajinyoosha, akasema anakwenda ng'ambo kunywa chai. Akafika kivukoni, akainua mkono juu kama askari kusimamisha gari ambalo lilikuwa limeshasimama. Akavuka kwa maringo, bila hata kugeuza shingo.

"Siku hizi anachelewa kurudi," mumewe akasema.

Mpangaji hakumsikia. Alikuwa amechuchumaa kando ya kivuko, mahali ambapo maji ya mvua ya jana yalikuwa bado yametuama, na alikuwa anayapima kina kwa kijiti.

"Mke wangu, leo ni Jumapili."

"Naangalia tu," akasema, na kukunja sketi yake ili asogee karibu zaidi.